Kisima cha Baba Nyuma ya Skuli

Barani, Malindi
17 Mei 2025

Mpendwa kaka yangu Abdurahman,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa mzima, wewe na wifi yangu Aaliya. Lile goti limepoa, ama bado lakusumbua ukipanda ngazi? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila mvua za masika zimetuchosha. Nguo hazikauki.

Ningekupigia simu, lakini kwa simu utanikatiza nikiwa katikati, nami nataka unisikie mpaka mwisho.

Wajua kwamba skuli yetu ilihamia majengo mapya, na lile jengo la kale likachukuliwa na chuo kuwa bweni. Mimi nilifurahi. Nilisema heri, watoto wa watu walale pale wasome. Basi juma lililopita Kahaso, yule aliyekuwa akifagia skuli tangu enzi zetu na sasa afagia bweni, alinijia akaniambia, "Zakiya, hebu njoo ujionee mwenyewe. Mimi nashindwa kulisema."

Nilikwenda. Kaka, nimetapika. Nimetapika hasa, pale barazani tulipokuwa tukipanga viatu. Kuta za chokaa zimepakwa rangi ya zambarau. Darasa la nne, kwa Mwalimu Kadii, mna vitanda vya juu na chini, na ubaoni wameanika suruali za ndani. Meza ya mwalimu yapikiwa tambi, na masufuria ya tangu juzi yameota ukungu. Dirishani niliona chupa zimepangwa, nikadhani ni chai. Haikuwa chai. Yarabi! Na hawa ndio wasomi wetu wa kesho!

Lakini huo ni uchafu wa vijana, maji na sabuni vyautosha. Alilotaka Kahaso nilione liko nyuma ya jengo.

Kile kisima alichochimba marehemu baba kwa sadaka, ili kila atakayekunywa thawabu zimfuate kaburini, hakina tena ndoo wala kamba. Wamekifunika kwa zege, na bomba nene latoka vyooni laingia humo humo. Choo cha watu sitini, kaka, ndani ya kisima cha baba! Na kwa masika haya kimejaa, chafurika. Maji ya kisima cha mzee Baya, pale bondeni, yananuka, na wajukuu zake wawili wanaharisha.

Nilimwendea Hesbon, msimamizi wa bweni, nikamtolea maneno yote niliyofunzwa na nisiyofunzwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema kwa upole, "Mama, kisima kilikuwa kimekaa bure, tukakipa kazi. Na ruhusa ulitoa wewe."

Na ni kweli. Mwaka jana alikuja hapa nyumbani akaniuliza kama wanaweza kukitumia. Nami nikamjibu kwa maringo, "Kitumieni, mwanangu, ni cha sadaka, hakatazwi mtu." Nani kwetu angeuliza watakitumia kwa kazi gani? Kisima si cha kuteka maji? Tena nikampa na halua! Kinyaa nilichomwonea yeye si kitu mbele ya kile ninachojionea mwenyewe.

Nimeshakwenda kwa afisa wa afya, na vyoo vimefungwa tangu Jumatano. Lakini asema kisima hakirudi tena kuwa cha kunywa, ni kunyonywa na kufukiwa. Wewe ndiye uliyeachiwa na baba usimamizi wa sadaka yake, nami sitakifukia bila neno lako. Nakuomba unijibu upesi. Na ukiridhia, tuchimbe kingine kule kwa mzee Baya, kwa jina la baba.

Nisalimie wifi Aaliya, na mwanangu Zeina umwambie shangazi yake amemwekea leso. Mola akupeni afya na akuepusheni na aibu kama hii yangu.

Jana asubuhi, Ijumaa, nilikwenda kaburini kwa baba. Nilimsomea Yasini, nikang'oa majani, nikampa habari zako na za wajukuu kama kawaida yangu. La kisima sikumwambia.

Ndimi dada yako akupendaye,
Zakiya