Kamera Isiyo na Kioo

Mpendwa binti yangu Aikande,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, wewe pamoja na mume wako na watoto, na wagonjwa wote mnaowauguza huko Dodoma. Shikamoo uliyoiandika nimeipokea, marahaba, mwanangu. Huku mlimani tungali hai kwa neema. Ukungu wa Julai unakaa mpaka saa nne, ndizi zinajitahidi, na kahawa imeanza kuiva upande wa jua.

Kwanza naomba radhi. Barua yako ilinifikia tukiwa tunapalilia, nami nakujibu watu wakiwa wanachuma. Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba barua ni mgeni, na mgeni hasubirishwi mlangoni. Ningeweza kusingizia mvua, au kazi za usharika, nawe kwa adabu yako ungekubali. Lakini ukweli ni kwamba nilichelewa kwa sababu nilikuwa nakushuku.

Uliandika hivi: "Baba, nimezungumza na duka moja hapo Moshi mjini. Wamekuwekea kamera mbili. Nenda ukachague moja, halafu unitumie picha za nyumbani nione hali." Neno hilo "hali" nililisoma mara nyingi. Hali ya nani? Kama ungetaka kuona migomba, ungesema migomba. Tangu mama yako alipotuacha, mdogo wako Elifuraha anapanda kutoka mtaa wa Soweto, huko Moshi mjini, kila Jumapili baada ya ibada, anakaa kwenye kiti cha mama yako, anatazama dari, kisha ananiuliza kwa upole kama sitaki kuhamia kwake, kwenye chumba chenye umeme na maji ya bomba. Mimi nimezaliwa katika kihamba hiki, shamba la ukoo wetu. Baba yangu amelala chini ya migomba hii, na mama yako yuko hatua chache kutoka kwake. Basi nikajiambia: watoto wamekula njama. Kamera hii ni mpelelezi, nami ndiye nitakayembeba shingoni.

Utasema Baba hajabadilika. Ni kweli. Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, tukichuma kahawa upande wa mfereji? Nilikuwa namwaga kikapu chako chote juu ya turubai kutafuta mbichi ulizozificha chini. Siku moja sikukuta hata moja, nami badala ya kukusifu nikakuuliza umezitupa wapi. Ulinitazama ukasema, "Baba, hata nikikuletea malaika, utamkagua mbawa." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuamuru uchume mstari mwingine. Kwa ule mstari, naomba radhi leo.

Nilishuka mjini siku ya Jumanne, nimevaa koti la kanisani. Elifuraha alikuwa amekwisha kufika dukani, na hilo nalo lilinitia shaka, maana sikuwa nimemwambia. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu, alinisalimu, "Shikamoo meku," kama wazee tunavyoitwa huku, akaziweka kamera zote mbili mezani.

"Hii ya kwanza lenzi yake inatoka, unabadilisha upendavyo," akasema. "Halafu haina kioo."

"Samahani, mama. Kama haina kioo, inaonaje?"

"Kioo cha ndani, meku. Zile za zamani zilikuwa na kioo ndani. Hii hawajaweka."

"Wameondoa kitu, halafu wanasema ni mpya?"

Elifuraha akakohoa. Nikaigeuza kamera nyuma. "Na hiki ni nini?"

"Hicho ni kioo."

"Umesema haina."

"Jamani, meku! Hicho ni cha kutazamia, kama cha simu. Kisichokuwemo ni kama kile cha kunyolea ndevu."

"Na huku mbele?"

"Mbele ni lenzi."

"Lenzi si kioo?"

Yule mama akaweka mikono kichwani. "Ni kioo. Kaka, nisaidie mzee wako, atanifungia duka."

Aikande, kamera yenye vioo viwili machoni pa watu, nayo inaitwa isiyo na kioo: je, wewe ungeiamini?

Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuingia mfukoni mwa koti. Lenzi yake haitoki kabisa. "Lakini inavuta, meku! Ukisimama hapo mlangoni unahesabu mawe ya Kibo." Nikamwuliza kasoro yake ni nini, naye akanijibu bila kusita kwamba jicho lake la ndani ni dogo, penye giza picha inakuwa na chenga. Ile isiyo na kioo jicho lake ni kubwa, hata jikoni kwenye moshi inaona. Ila lenzi iliyokuja nayo haifiki mbali, na mtu akitaka mbali itambidi atafute lenzi nyingine, wala asiibadilishie shambani, vumbi litaingia. Nilimshukuru. Moyoni nilifikiri kwamba mtu anayekutajia kasoro bila kulazimishwa ama ni mwaminifu, ama anaficha iliyo kubwa zaidi.

Asubuhi ile kilele cha Kibo kilikuwa wazi. Nikatoka mlangoni na ile ndogo, nikavuta. Mlima ukaja mpaka usoni pangu, mweupe kabisa, lakini haukutulia. Uliruka huku na huku kama mbuzi aliyefungwa kamba kwa mara ya kwanza. Nikabonyeza. Picha ikatoka kama uji uliomwagika.

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo gani, Baba?" Elifuraha akauliza polepole. "Hata yale magauni ya mitumba pale hayajatikisika."

"Si kitu," yule mama akadakia. "Ni mkono tu, meku. Egemea nguzo ujaribu tena."

Ni mkono tu. Alilisema kwa wema, nami nililisikia kama hukumu. Nilipomtazama Elifuraha alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo nikajua kwamba ameona. "Hii ndogo ndiyo itakufaa, Baba," akasema. "Ni nyepesi." Nikafikiri: naam, anaichagua ile inayonisema.

Nikaichukua ile nyingine, nikampiga yule mama picha akiwa nyuma ya meza yake. Ikatoka safi, unaweza kuhesabu nyusi. Nikasema nitachukua hiyo. Walidhani nimevutiwa na jicho kubwa. Sivyo, mwanangu. Niliichagua kwa sababu ilikubali kunitolea ushahidi wa uongo. Mimi, niliyekukaririsha amri ya nane mpaka ukalala juu ya kitabu, juma lile la kipaimara chako.

Njiani nikarudiwa na picha tuliyopiga studio ulipokuwa unakwenda bweni, kabla Elifuraha hajazaliwa. Mpiga picha alituamuru tusitikisike. Mimi nilisimama kama mlingoti, wewe ukabana pumzi, na mama yako akageuka kukutengeneza kola. Ndiyo picha pekee tuliyo nayo watatu, na mahali pa uso wake pana ukungu. Nilimlaumu njia nzima: "Umetikisika! Umetuharibia!" Alinijibu mara moja tu: "Nilikuwa namtengeneza mtoto." Katika siku zake za mwisho nilimwomba msamaha kwa mengi, naye alinisamehe yote. Hilo sikuliomba, kwa kuwa nilikuwa nimelisahau.

Kwa wiki mbili nilipiga picha za heshima. Mibuni iliyopaliliwa. Mkungu wa ndizi uliokaribia kukomaa. Nyumba kwa mbele, si kwa nyuma. Kisha nikataka picha ya ng'ombe zizini, na hapa inanibidi nikuambie jambo ambalo hulijui: zizi letu ni tupu tangu Pasaka. Ng'ombe yuko kwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, Mama Ndeshi, kwa sababu maziwa yaliyokuwa yakimwagika yalizidi yaliyoingia ndooni. Nilikwenda kumwazima kwa asubuhi moja.

"Mzee wetu, leo ng'ombe anakwenda studio?" Mama Ndeshi akaniuliza. "Nimpake na mafuta?"

Nikamwomba asinicheke.

"Sicheki," akasema, huku anacheka. "Ila ukimaliza umrudishe. Na huyo mtoto wa Dodoma umwambie nani anakamua."

Sikukuambia. Nilimpiga ng'ombe picha nne, nikamrudisha kabla ya saa tano, nikajiona mtu mwerevu.

Picha ya mwisho niliipiga jikoni, ili uone kwamba nakula vizuri: bakuli la mtori wa ndizi, kikombe cha chai, kitabu cha nyimbo pembeni. Giza la jiko letu unalijua. Kwa macho yangu meza ilikuwa safi. Lakini nilipotazama kile kioo cha nyuma, kamera ilikuwa imeona kuliko mimi. Kitambaa alichokifuma mama yako, kile cheupe chenye maua ya pembeni, kilikuwa kimejaa madoa ya chai, duara juu ya duara, na michirizi ya mtori iliyoshuka mpaka kwenye kiti. Kumbe miezi yote hiyo nimekuwa nikila juu ya kazi ya mikono yake namna hiyo, na sikujua. Nilikitafuta kitufe cha kufuta picha, nikakiona. Kidole kilitetemeka juu yake muda mrefu. Kisha nikakitoa kitambaa mezani, nikaenda kukifua, na picha nikaiacha.

Basi hali, ile uliyoiulizia, ndiyo hii. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka mwaka jana kabla ya mavuno, na sasa wa kushoto unajifunza. Vifungo vya shati vinanichukua muda wa sala ndefu. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, mistari michache kila asubuhi, na ndiyo maana mwandiko una milima na mabonde. Daktari sijamwona. Nilishuku kwamba angemwambia Elifuraha.

Wala shaka haijanitoka; sitaki kukudanganya kwamba imetoka. Bado nashuku kwamba ukishayasoma haya mtakubaliana kwa simu, na Jumapili moja gari litasimama hapa uani kunichukua, na majirani watatoka kuaga. Naomba unisamehe kwa kukuwazia hivyo. Nina ombi moja. Kabla hamjaamua, njoo mwenyewe. Wewe ni muuguzi. Ushike mkono huu kwanza kama muuguzi, kisha kama binti. Ukisema kuna dawa, nitazimeza. Ukisema aje mtu wa kukaa nami hapa, nitamkaribisha na nitajitahidi nisimkague. Na ukisema nishuke Soweto, nitashuka, ila uniambie wewe, tukiwa tumekaa wawili, katika nyumba hii.

Kadi ya kamera nimeiweka humu, nimeizungushia karatasi. Picha zipo zote, sijatoa hata moja. Ya ng'ombe usiiamini. Ya jikoni uiamini.

Anayekuletea barua hii ni Mama Ndeshi mwenyewe, anayesafiri kesho kuja huko kumhudumia binti yake aliyejifungua. Ng'ombe anabaki na mume wa Mama Ndeshi. Bahasha nilikuwa nimeipaka gundi mara mbili ili asiifungue njiani. Baadaye nikaona aibu, nikaichana, nikaenda kwake nikamsomea yote tangu mwanzo. Alisikiliza bila kucheka. Nilipomaliza akasema kuna jambo moja nimeliacha: juma lililopita nilianguka nyuma ya nyumba, asubuhi, na ni yeye aliyeniinua.

Basi nimeliandika.

Nakubariki, wewe na wote walio nyumbani mwako.

Baba yako