Neno la Injinia Limenitoa Kazini Bila Kufukuzwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana kichwa kinawaka. Mimi ni fundi wa pampu ya maji hospitalini, na juzi kwenye mkutano injinia wetu mpya, mama mmoja mpole tu, alisema kwa Kiingereza kwamba kwenye pampu tunahitaji "redundancy" haraka, na neno hilo nalijua kwa sababu shemeji yangu alipopunguzwa kazini ndilo aliloambiwa, basi damu ikanichemka, nikasimama mbele ya madaktari na wauguzi nikasema, "Mama, pampu hii nimeitunza kuliko ninavyomtunza mke wangu, leo unanipunguza?" nikabwaga funguo mezani nikaondoka kabla hajafungua kinywa, nyumbani mke wangu akalia, mama mkwe akaja kumpa pole yeye, siyo mimi, mara muuguzi mkuu akapiga simu huku anacheka, "Fundi, pampu ya pili imeletwa, njoo uifunge!" Kumbe "redundancy" yenyewe ndiyo hiyo! Sasa injinia ananiita, naona haya, wenzangu wameshanibatiza Ridandansi. Nirudi, au nitafute kazi kwingine?

Fundi Mwenye Haya

Ndugu yangu Fundi,

Pole, ila nimecheka mpaka chai ikanipalia. Neno ulilijua nusu. Likisemwa juu ya mfanyakazi, ni kweli, nafasi yake haihitajiki tena, anapunguzwa. Lakini kwa mainjinia ni kile cha akiba kinachowekwa makusudi, ili cha kwanza kikizima, cha pili kishike zamu. Walimu wa lugha nao wana la kwao: neno lisilo na kazi, kama mtu anayesema "panda juu", utadhani kuna wanaopanda chini. Kote humo ni ziada, ila ipo ziada ya kupunguza na ipo ziada ya kuokoa watu. Mama wa watu hakuona umezidi wewe. Aliona pampu moja haitoshi. Ungemwuliza tu, "Una maana gani, mama?" Kuuliza si ujinga, hasira ndiyo hasara. Na mkeo mwombe radhi: umemshindanisha na pampu mbele ya madaktari, na pampu ikashinda!

Sasa nisikilize. Usitafute kazi, unayo. Kesho asubuhi nenda kwa injinia, sema, "Mama, nilikuelewa vibaya, nisamehe," kisha nyamaza, hotuba ulishaitoa. Wakikuita Ridandansi, itika, watachoka wao. Halafu shika spana ukaifunge hiyo pampu, maana mgonjwa anayesubiri maji hana habari na aibu yako.