Mama Alinipima Fulana ya Mudi

Mama Loveth, shikamoo. Huwa nakusoma gazetini nikicheka matatizo ya watu, leo zamu yangu imefika na hamu ya kucheka sina, naomba unishike mkono maana humu ndani mwetu, Magomeni ya Kilosa, nimebaki na mama yangu mzazi, tunakula sahani moja, na siwezi kumtazama usoni.

Mimi ni mtoto wa kati. Mkubwa ni dada yangu Shamimu, anafanya kazi Dar es Salaam na ana gari lake, na wa mwisho alikuwa mdogo wetu Mudi, fundi seremala, aliyekuwa akiishi nasi hapa nyumbani kwa Mama tangu baba afariki. Dada Shamimu ana tabia moja nzuri, kila akipata likizo lazima atupakie kwenye gari twende mahali, tumeshafika Bagamoyo kuona bahari, tumeshapanda Lushoto tukatetemeka na baridi, lakini Mama siku zote alikuwa anakataa, anasema nani atabaki na kuku. Mwaka huu Mudi akamwambia, "Mama, nenda bwana. Mimi nitabaki na hao kuku wako, nitawahesabu asubuhi na jioni." Basi akakubali, ila akasema haendi mbali, anataka Mikumi, kwa sababu ameishi jirani na mbuga maisha yake yote na tembo anawajua kwa kusikia tu kwamba wamekula mahindi ya watu, hajawahi kumwona hata mmoja ametulia.

Mama Loveth, alifurahi jamani. Mbugani tulimkuta tembo na mtoto wake kando ya maji, Mama akashusha kioo akamwambia, "Kumbe wewe ndiye unayetumalizia mahindi!" mpaka Dada akashindwa kuendesha kwa kicheko. Hotelini aliamka alfajiri akatandika kitanda mwenyewe, akatoka kumwomba mhudumu ufagio afagie chumba, yule mhudumu akamwambia bibi kaa upumzike, Mama hataki. Akaenda kwenye bwawa la kuogelea, akakunja kanga, akatumbukiza miguu, akasema maji yote haya na hakuna anayefulia. Sijawahi kumwona Mama vile tangu nizaliwe.

Asubuhi hiyohiyo tukiwa kwenye chai simu ya Dada ikaita, alikuwa mjomba. Dada akainuka akatoka nje, nikamwona dirishani ameegemea gari, ameinamisha kichwa, kisha akarudi anatabasamu akaniambia, "Yusrah, nisindikize msalani." Kule akanishika mabega akasema Mudi hatunaye, pikipiki aliyopanda kwenda kazini imegongana na lori, na mjomba ameagiza Mama asiambiwe mpaka afike nyumbani. Nikafungua mdomo nilie, akaniziba kwa mtandio wangu mwenyewe. Akasema, "Presha ya Mama unaijua. Nawa uso tutoke."

Wewe ni mtu wa huku, unajua huo ndio utaratibu wetu, mtu haambiwi msiba akiwa njiani, anaambiwa akishafika, amekaa, ameshikwa na watu. Sikubishana. Tukamwambia Mama kwamba Dada ameitwa kazini, inabidi turudi mapema, na Mama akasema sawa, ila haondoki Mikumi bila kumnunulia Mudi chochote, kwani ndiye aliyemlindia kuku.

Tukasimama mjini kwenye vibanda vya nguo. Akachagua fulana ya kijani yenye picha ya tembo, akaniambia, "Hebu geuka nikupime, wewe na Mudi mabega yenu mamoja." Nikageuka. Akaiweka mgongoni kwangu, akavuta bega hili, akavuta lile, akamwuliza muuzaji kama hana kubwa zaidi maana mwanangu siku hizi amenenepa, wakaingia kwenye bei, wakataniana, wakacheka, na mimi nimesimama nimewapa mgongo, naangalia malori ya Zambia yakipita, machozi yananidondokea kifuani. Walipomaliza nikajifuta haraka nikasema, "Itampendeza, Mama."

Tukaingia barabara ya Ulaya, Ulaya hii yetu ya Kilosa, Mama akampigia Mudi simu, haipatikani, akapiga tena, haipatikani, akasema, "Huyu mtoto naye hachaji simu." Nikamjibu, "Atakuwa amelala, Mama." Mimi huyu, kwa mdomo wangu. Dada hakugeuka, aliendelea kuendesha. Mama akataka mahindi ya kuchoma, tukasimama, akataka kuchimba dawa vichakani, tukasimama, akakutana na mtu anayemfahamu wakasalimiana na kuulizana habari za watoto, tukasubiri, hakuna aliyethubutu kumharakisha asije akashtuka.

Tulipoingia mtaani kwetu akaona turubai na wanawake wamejitanda kanga. Akauliza, "Kwa nani pale?" Dada akazima gari. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa, watu walikuwa wametusubiri juani mpaka wamechoka, ikabidi lishushwe, wakamfunulia uso, Mama akamtazama mwanawe kidogo tu, wakafunika, wakaondoka naye. Mama alikuwa bado ameshika mfuko wa fulana.

Jioni ile pale mkekani jirani mmoja akatuambia, hana ubaya wowote, "Tuliwapigia asubuhi na mapema, mbona mkachelewa hivyo?" Mama alisikia.

Arobaini imepita. Fulana ameitundika kwenye msumari chumbani kwake. Siku moja tunachambua mchele akaniuliza bila kuinua uso, "Yusrah, ile saa nakupima fulana, ulikuwa unajua?" Nikasema ngoja Mama, sufuria inafurika jikoni, nikakimbia. Jikoni hata moto haukuwashwa. Hajauliza tena, lakini kila tukikaa wawili ananiangalia mikono, najua anasubiri.

Na kuna jambo linanitisha zaidi ya hilo. Majuzi mtoto wa Dada alipata malaria, nikamwambia Mama kwamba mjukuu wake anaumwa kidogo ila anaendelea vizuri, Mama akaweka ungo chini, akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio cha msiba, majirani wakajaa uani. Tukampigia mtoto akaongea na bibi yake, Mama akasema huyo ni mtoto mwingine mmemfundisha. Siku hizi nikimwambia fulani anakusalimia anasema mpigie nimsikie, nikimwambia fulani ni mzima anauliza atazikwa lini. Mama yangu hana tena habari njema anayoiamini, na amekonda.

Dada anasema nikatae kabisa, niseme tulipata habari tukiwa tumeshafika Ulaya, na ameshaweka nafasi kwenye hoteli ya ufukweni Bagamoyo ampeleke Mama akapunge upepo asahau, Mama naye anasema gari la Shamimu hapandi tena. Mjomba anasema hatujakosea, ndivyo tulivyolelewa, niache kujitesa. Mimi nikimwambia ukweli presha ikampanda nitakuwa nimemwua Mama kwa mkono wangu, na nikikataa ataniona machoni kuwa nadanganya na nitampoteza hivyohivyo akiwa hai. Mama Loveth, akiniuliza tena nimjibu nini?

Jina langu usilifiche, Kilosa nzima wanajua.

Yusrah, Magomeni, Kilosa.

MAMA LOVETH ANAJIBU

Marahaba, Yusrah mwanangu. Pole sana kwa kufiwa na Mudi. Naanza na pole kwa sababu kwenye barua yako ndefu yote sijaona mtu aliyekupa wewe pole, na wewe umefiwa na mdogo wako ukazibwa mdomo chooni.

Haya, umeshapoa? Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kumficha Mama msiba njiani sikulaumu. Mimi mwenyewe baba yangu alipofariki niliitwa nyumbani nikaambiwa anaumwa, nikaja kujua nilipoona viatu vimejaa mlangoni. Niliumia, lakini shangazi zangu walinishika, na mmoja wao akaninong'oneza palepale, "Tulijua tangu jana, tuliogopa utaanguka njiani peke yako, utusamehe." Hapo ndipo utaratibu wetu unapoishia, Yusrah. Unamnyamazia mtu, unamwahisha nyumbani, ukimfikisha unamwambia yote. Ninyi mlimnyamazia, hamkumwahisha, mkamfikisha, halafu mkaendelea kunyamaza mpaka jirani akawasemea. Na wewe ukaongeza lako la "atakuwa amelala". Hilo hukutumwa na mjomba wala na mila ya mtu yeyote, lilikutoka kwa woga, na ukilisema hivyo Mama yako atakuelewa.

Unaniuliza ukweli utamwua? Mwanangu, kinachomkondesha sasa hivi ni nini kama si huo uongo? Mama anayesikia mjukuu ana malaria akaanza kulia matanga, huyo mmemfundisha wenyewe kwamba kwenu neno "anaumwa kidogo" maana yake ni kaburi. Mudi ameshazikwa, hakuna msiba wa kumficha tena. Mnajificha ninyi.

Huyo dada yako naye mpe salamu zangu, mwambie nimekasirika. Hiyo safari ya Bagamoyo hampeleki Mama akasahau, anajipeleka yeye asiulizwe. Bahari ipo tu, haihami. Afute nafasi hotelini, aje Kilosa, avue viatu, akae mkekani na nyie. Na huo uongo wa Ulaya auache hukohuko Ulaya.

Mtafanya hivi. Kwanza mpelekeni Mama zahanati apimwe presha, na hakikisha dawa anakunywa, si kuzificha chini ya mto kama bibi zetu wote wanavyofanya. Mjomba awepo nyumbani siku hiyo, na iwe mchana kweupe, ameshakula. Mkishakaa, uanze wewe, Yusrah, kwa sababu wewe ndiye uliyeulizwa. Sema, "Mama, uliniuliza siku ile nikakimbia. Ndiyo, nilikuwa najua." Kisha nyamaza. Usiniletee pale habari za "lakini presha yako", usimsukumie Shamimu, usimtaje mjomba. Akilia mwache alie, akikutukana pokea, akikaa kimya mpaka magharibi kaa naye. Akiuliza kuhusu ile simu, nayo mwambie. Na safari hii sitaki kusikia kuna sufuria inafurika.

Kuanzia hapo ugonjwa kwenu uitwe ugonjwa na kifo kiitwe kifo. Mtoto akiumwa, Mama apigiwe simu ya video amwone na homa yake. Hatakuamini mara moja, atauliza tena na tena, atakuchosha, na wewe utajibu kila mara bila kununa. Habari za safari msimtajie. Siku akitaka mwenyewe kupanda gari, yeye ndiye aseme mnakwenda wapi, hata akisema ni makaburini na kurudi.

Sasa kuna jambo moja, Yusrah, limenifanya nivue miwani. Umeliandika katikati ya barua ukalipita, na naona hata Mama hujamwambia. Yule mama analala kila siku akikumbuka kwamba mwanawe alikuwa maiti na yeye yuko sokoni anataniana na muuzaji, na anaamini kwamba saa ile hapakuwa na hata mtu mmoja pale aliyekuwa anamlilia Mudi. Ndiyo maana hakuulizi habari za simu wala za mahindi, anakuuliza habari za fulana. Yeye aliona mgongo wako tu, mwanangu. Basi ukishamjibu, mwambie na hilo, kwamba alipokuwa anavuta lile bega na lile wewe ulikuwa unalia, na kifua chako kilikuwa kimelowa. Halafu inuka, itoe ile fulana msumarini, umpe akupime tena, na safari hii simama umemtazama.