Kanda ya Leo Grabarek

Jumatano, 2 Oktoba 2019

Nadine kanipigia simu leo, niko kazini, nampimia mzee mmoja fremu za miwani. Sauti yake bado ile ile, kama mtu anayemfokea paka. Nyumba imepata mnunuzi, kasema. Nikachukue kanda zetu za redio kwenye chumba cha chini ya nyumba kabla hajaziweka nje siku ya takataka. Anatania. Nadhani anatania.

Mumewe, Walt, alifariki Aprili. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye Nondo.

Nondo! Sijalitamka jina hilo siku nyingi. Redio yetu ndogo, mnara mfupi kuliko wa kanisa. Ukivuka mto Maumee kuelekea kusini, tunapotea. Mvua ikinyesha, tunapotea. Lakini kila kijana wa mji wa Toledo aliye chini ya miaka thelathini alikuwa na stika yetu nyuma ya gari, yule mdudu na vipokea sauti masikioni. Vituo vikubwa vilipiga nyimbo arobaini zile zile kutwa. Sisi tulipiga tulichotaka. Mtu akileta kanda aliyorekodi gerejini kwao asubuhi, alasiri inasikika hewani. Mimi ndiye niliyekuwa mtangazaji wa alasiri, saa tisa hadi saa moja. Miaka kumi na tatu.

Nimemwambia Nadine nitakuja Ijumaa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Harufu! Nilipofungua mlango wa chini tu — vumbi, plastiki, kahawa ya zamani. Nikasimama pale kama mjinga, machozi yananitoka.

Walt hakutupa kitu. Mabango ya maonyesho ya ule ukumbi uliokuwa zamani wa mchezo wa boling, pale bendi zetu zote zilipoanzia. Barua za wasikilizaji. Mtu mmoja kila wiki alituandikia kulalamika kuwa tumemharibia binti yake, halafu chini anauliza ule wimbo wa Jumanne ni wa nani.

Nadine kakaa kwenye ngazi juu, magoti hayataki kushuka. Tukawa tunapigiana kelele.

"We Rhonda, unakumbuka ile baridi mtambo ulipoganda?"

"Walt aliukausha kwa mashine yako ya nywele!"

"Na hajanirudishia mpaka leo, mpuuzi yule."

 

Tulicheka sana. Siku ya mwisho ya Nondo tuliikumbuka pia, Mei 2004, wale watu waliokuja bila kuitwa. Magari yamejaa barabara yote, madirisha wazi, redio zote kwenye namba yetu. Wimbo wa mwisho ukaisha. Ukimya ukatoka kwenye magari yote kwa wakati mmoja. Sijasikia tena kitu kama kile.

Saa kumi hivi nikaipata. Sanduku la tatu, chini kabisa. Mwandiko wangu: *Lagrinka, moja kwa moja studio, 19 Nov 93*. Imekatwa kwa mstari. Chini, mwandiko wangu tena: *Mazulia*.

Nikaiweka mkobani. Nadine hakuona. Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sijawahi kuandika jambo hili popote. Basi niandike.

Lagrinka walikuwa ndugu wawili wa mtaa wa Wapolandi, Caz na Leo Grabarek, na binamu yao kwenye besi. Caz gitaa na kuimba. Leo ngoma. Leo hakuimba kamwe — alikuwa na kigugumizi, na mbele ya kipaza sauti kilizidi. Siku ile ya Novemba walikuja kupiga studioni. Katikati ya kipindi Leo akaacha ngoma, akaniomba kipaza sauti. Ana wimbo, kasema, ni wa Ma. Akaimba mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata neno moja. Caz mdomo wazi. Mimi niligeukia ukutani ili wasinione.

Mama yao alikuwa zamu, jikoni hospitalini. Hakusikia. Leo akatuambia hakuna shida, si inarekodiwa?

Machi iliyofuata, barafu barabarani, gari likateleza, wakirudi kutoka Ann Arbor. Leo alikuwa na miaka ishirini na minne.

Baada ya mazishi Caz na mama yao wakaja kuomba kanda. Nikaishusha kwenye rafu, jina limekatwa, nikaisikiliza hata hivyo. Mazulia. Tangazo la duka la mazulia, mara ishirini, sauti yangu mwenyewe: chumba kizima kwa bei ya nusu! Kanda zilikuwa chache, tulikuwa tunarekodi juu ya zile za zamani, na Januari nilichukua ya kwanza iliyokuwa karibu, nikakata jina bila hata kulisoma.

Nikawaambia kuna mtu aliiazima, hakuirudisha.

Miaka ishirini na mitano na nusu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Caz kaja kwa Nadine kuchukua mabango. Siku hizi anatengeneza matanuru ya kupasha nyumba joto. Tumbo, kipara, mikono ile ile.

"Mtangazaji wangu!" kanikumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. "Umezeeka, dada."

"Wewe je? Nywele umemwachia nani?"

"Nimezitoa sadaka."

Tukakaa sakafuni saa nzima, kila bango lina hadithi yake. Usiku ule umeme ulipokatika ukumbini na watu mia mbili wakaimba wenyewe bila vyombo. Ile bendi ya wasichana wanne kutoka Sandusky waliovunja jukwaa — kweli kweli, walilivunja, mbao zikaanguka. Caz alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akashika sanduku la tatu. Akapekuapekua. Taratibu, jina baada ya jina. Nikajua anatafuta nini. Akafunga sanduku, akasema kahawa ya Nadine bado ni sumu.

Na kanda ilikuwa mkobani mwangu, hatua tatu kutoka alipokaa!

Jumanne, 8 Oktoba

Kazini. Nimempa mteja miwani ya mtu mwingine. Sikulala.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwambia.

Alirudi kuchukua meza ya kuchanganyia sauti, hakuna aliyeitaka. Tulikuwa tunaipakia kwenye gari lake, kila mmoja upande wake. Nikasema Caz, weka chini kwanza. Akadhani mgongo unaniuma.

Niliyasema yote. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yakatoka ovyo. Nikampa kanda.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Mazulia," kasema. "Duka gani?"

"Lile la kule Sylvania. Lilifungwa."

Akaanza kucheka. Kicheko cha kweli, cha tumboni. Halafu hakikuwa kicheko tena. Akaisoma ile karatasi ya juu ya kanda mara nyingi. Akaniambia miaka yote alikuwa anamtafuta huyo aliyeazima. Aliwauliza watu. Kuna jamaa mmoja, mpiga gitaa, walipigana kwa ajili hiyo, hawajasemezana tangu tisini na sita. Jamaa mwenyewe alikuwa hana hatia ya chochote.

Hilo sikulijua. Hilo ndilo limenimaliza.

Akaingia garini. Hakuwasha. Dakika kumi, mimi nimesimama kwenye majani kama mtu anayengoja basi. Kisha akawasha, akaondoka, mlango wa nyuma wazi, meza nusu iko nje.

Nadine alikuwa dirishani. Akanifungulia, akanikalisha, akaniletea ile sumu yake.

"Walt alijua," kasema.

"Alijua nini?"

"Aliisikiliza wiki ile ile ya mazishi. Nikamwambia kawaambie watu. Akasema hapana, ni la Rhonda kusema, atasema." Akanipapasa mkono. "Alikungoja sana, mwanangu."

Jumamosi, 12 Oktoba

Simu, saa nne asubuhi. Caz. Hakuna salamu.

Kasema hajui kama amenikasirikia au amechoka tu. Kasema kila Novemba mama yake anauliza: yule mtu hajarudisha? Ana miaka themanini na nne. Hajaacha kuuliza hata mwaka mmoja. "Mimi nilimjibu miaka yote hiyo," kasema. "Kesho utamjibu wewe. Saa nane, baada ya misa."

Nikasema nitakuja.

"Na ule wimbo," kasema, "unaukumbuka?"

Nikasema mistari miwili. Ya mwanzo. Kasema yeye anakumbuka mmoja tu, na si kati ya hiyo yangu. Basi tuna mitatu.

Nimeoka keki ya ndizi, nimeitia kisandukuni, nimekifunga utepe. Sijui kwa nini. Mtu haendi mikono mitupu.

Jumapili, 13 Oktoba

Saa nane kasoro dakika saba. Niko garini, nje ya nyumba yao. Naandika huku nikingoja saa ifike.

Caz kanitumia ujumbe sasa hivi. *Ma kaelewa vibaya. Nilimwambia Rhonda anakuja kuhusu kanda ya Leo. Kasikia kanda tu. Najaribu kumwambia hanisikilizi. Usiondoke.*

Siondoki.

Pazia limefunguliwa. Naona sebule. Mama yao ameleta viti vya jikoni, amevipanga mstari. Kuna mama mwingine kakaa, kofia ya kanisani, labda dada yake. Wazee wawili, majirani sijui. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, redio kaseti. Ya zamani, kubwa, ya mpini. Ile waliyokuwa wakisikilizia Nondo, nina hakika, stika bado iko ubavuni. Caz kainama kando ya mama yake, anamwambia kitu sikioni. Mama anampungia mkono atoke, kama anafukuza inzi.

Mistari mitatu. Naweza kumwimbia mistari mitatu? Sauti yangu! Kwanza nimwambie. Kwanza ya mazulia, bila kuzunguka, halafu kama atataka —

Mlango umefunguka. Ni yeye. Gauni la bluu, viatu vya kutokea, midomo kaipaka rangi. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kashika nguzo ya baraza, anashuka ngazi mwenyewe, Caz nyuma yake anamwita.

Ameniona. Ananipungia. Sasa anaangalia kiti cha pembeni yangu, kile kisanduku nilichofunga kwa utepe. Anakionyesha kwa kidole, mkono mwingine kifuani.

Ni keki, Mama. Ni keki ya —