Mpira Uliorudishwa Uwanjani

Erie, 20 Aprili 1969

Mwanangu Edmund,

Nimefurahi kusoma kwamba wewe na mkeo Dolores hamjambo, na kwamba mimba haimsumbui tena asubuhi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo hupanda ngazi za uwanja likinung'unika.

Unanitaka nihamie kwenu Youngstown kabla mtoto hajazaliwa. Umeniomba mara kadhaa, kwa hiyo unastahili jibu kamili. Tangu baba yako afariki, nyumba hii imekuwa kubwa mno, hilo sikatai. Lakini msimu wa besiboli umeanza. Timu yetu ya Korongo ina mrushaji mpya, na mpigaji wetu mkongwe Tate anapiga kama kijana. Mtu anayehama katikati ya msimu ameikimbia timu yake. Usiku wa mechi za ugenini siwezi hata kukaa. Nazunguka jikoni na redio ikinguruma, mpaka viazi vinaungua.

Juzi jirani yetu Hruska alinisimamisha uani.

"Bi Pruski, mwanao siku hizi analala kwa Wahunzi, timu ya Youngstown. Utasikia tu kavaa kofia yao."

"Mwanangu nimemlea mimi, Hruska. Wewe mlee mbwa wako, anabweka ovyo."

Tutazungumza Oktoba. Msalimie Dolores, na umwambie ale ini.

Mama yako


Youngstown, 7 Julai 1969

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepoa na joto hili halikuchoshi. Sisi tu wazima; Dolores anatembea akishika kiuno na kulaumu kila kiti.

Kuna jambo ambalo ni afadhali ulisikie kwangu. Jumamosi Korongo walicheza hapa, nami nilikwenda na baba mkwe, mzee Stanko. Tulikaa nyuma ya ukuta wa mbali, mahali mipira mikubwa inapoangukia. Katika zamu ya sita Tate akapiga. Niliuona mpira ukipanda, ukapotea kwenye mwanga wa jua, kisha ukatua mikononi mwangu. Mama, tangu utoto nimeingoja siku hiyo.

Unajua desturi ya huku kwetu. Mpira wa mgeni ukivuka ukuta, haubebwi nyumbani; hurudishwa uwanjani.

"Haya, mkwe, unauatamia?" Stanko akasema. "Utupe."

Mtu wa nyuma akadakia, "Huyo si Korongo? Mtazameni shingo."

"Korongo au kunguru, autupe tu, tuendelee."

Jukwaa zima likaanza kuimba: utupe, utupe. Nikautupa. Mkono ulikwisha kurusha kabla sijakata shauri. Walinipiga mgongoni, nami nikacheka pamoja nao. Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba kwa pigo lile Tate amevunja rekodi ya Korongo ya mipira iliyovuka ukuta, ile ambayo wewe na baba mlingoja ivunjwe miaka yote.

Ningeweza kukuambia nilicheka kwa aibu. Sivyo. Nilikuwa na furaha kweli, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwanao


Youngstown, 18 Agosti 1969

Mama,

Sijui kama u mzima, kwa kuwa hujaandika. Nilipiga simu siku ya Jumatano. Uliinua, nikamsikia mtangazaji akihesabu wakimbiaji nyuma yako, kisha ukakata. Angalau nilijua Korongo wanaongoza.

Nimemwomba radhi Tate kimoyomoyo, ingawa hanijui. Wewe unanijua. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Dolores ameandaa chumba cha upande wa bustani. Ananiuliza kila siku kama utakuja, nami natazama sanduku la barua mara mbili, kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Mwanao


Youngstown, 16 Septemba 1969

Mama,

Jana alfajiri Dolores alijifungua mtoto wa kike. Wote wawili wazima. Tumempa jina lako, Leokadia. Stanko alipinga kidogo, akasema ni jina la mtu mkali. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu.

Siandiki ili kukulazimisha. Nimeona ujue.

Mwanao


Erie, 8 Oktoba 1969

Mwanangu Edmund,

Namshukuru Mungu kwa uzima wa mtoto na mama yake. Mimi nilipata mafua, yamekwisha.

Nilikasirika, na sikutaka kuandika kwa hasira, kwa sababu barua ya hasira haifutiki. Mpira wa Tate ningeuweka sebuleni kando ya picha ya baba yako. Lakini lililoniuma zaidi ni yale maneno mawili, "huku kwetu", uliyoyaandika bila hata kuyatazama. Wiki nzima niliyazunguka kama ninavyolizunguka jiko.

Umesikia bila shaka kwamba Wahunzi wenu wametutoa katika mechi ya mwisho. Nilikuwa peke yangu na redio. Mrushaji wetu alikuwa amechoka tangu zamu ya saba; mtu yeyote mwenye masikio alijua. Nikasema kwa sauti, "Mtoeni, mkono wake umekufa," nikageuka kungoja jibu. Baba yako angesema mwacheni. Wewe ungesema mimi sijui lolote kuhusu warushaji. Hakuna aliyesema kitu. Tulishindwa, nami sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kesho yake nikamwita Hruska anywe kahawa.

"Kocha ni mpumbavu," nikamwambia.

"Kabisa, Bi Pruski."

"Au labda hakuwa na la kufanya."

"Nalo ni kweli, Bi Pruski."

Na mtu wa namna hiyo huwezi kufuatilia mpira. Nimemwachia ufunguo wa nyumba, amwagilie maua, kazi ambayo haihitaji maoni.

Nitafika Jumamosi kwa basi la saa nane mchana, na masanduku yangu yote. Kofia yangu ni ya Korongo na nitashuka nimeivaa. Wenye kucheka wacheke. Mwambie Stanko ajiandae kunieleza, kwa utulivu na mbele ya watu, jinsi timu yake ilivyostahili kushinda. Mtoto nitampakata mimi wakati wa mabishano hayo.

Nawe ukae karibu nami. Si lazima uwe upande wangu.

Bibi yake Leokadia, na mama yako