Mama Ewa, Wapolandi Wako Wamerudi Rågsved

Mama Ewa,

Mtandao wako wa Jumamosi haukufa. Nimeanza na hilo kwa sababu ulikuwa mtu wa kuuliza matokeo kwanza na salamu baadaye. Mtandao huo ulikaribia kufa, na kwa miezi kadhaa nilidhani ndiyo umekwisha kabisa. Leo Jumapili nimetoka kanisani, nimekaa mezani kwangu hapa Bredäng, Stockholm, na nataka kukueleza yote tangu ulipotuacha.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu sisi wawili tukiwa peke yetu hatukuwahi kuzungumza lugha nyingine. Watu walishangaa, Mpolandi na mwanamke wa Bukavu. Hawakujua kwamba baba yako alifundisha Morogoro na kwamba ulicheza rede na watoto wa majirani mpaka ukafika miaka kumi na miwili. Hata mimi sikujua, siku ile kwenye foleni ya duka la dawa pale Farsta, nilipokuwa namlalamikia mdogo wangu kwenye simu kwamba kuna mama Mzungu mbele yangu anatuchelewesha wote. Uligeuka ukaniambia, "Samahani dada, namalizia." Nilitamani sakafu inimeze.

Ulinisubiri mlangoni. Ulipojua kwamba kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani, ukanihoji nusu saa nzima kuhusu zamu zetu, nani anazipanga, zinaharibika wapi. Wiki mbili baadaye nikawa mjaribu wa programu yako ya kupanga zamu. Ulisema wahandisi wako wanajua kompyuta lakini hawajawahi kumbadilisha mzee shuka. Kampuni bado ipo na mimi bado nipo, meza ileile karibu na dirisha. Kiswahili changu cha Bukavu ulikisahihisha mpaka nikakasirika. Sasa hakuna anayenisahihisha, na bado naandika kama unasoma begani kwangu.

Mikutano yako ya Jumamosi niliijua kuliko nilivyoijua programu. Mimi ndiye niliyepiga simu, niliyechukua ufunguo wa ule ukumbi wa wapangaji Rågsved, niliyepanga viti. Uliwahi kunieleza kwa nini ulianza. Ulisema Wapolandi wa ujenzi na wa usafi hapa Stockholm wana kanisa lao na maduka yao, wanajuana, lakini wale walioanzisha kampuni za kompyuta wanakwepana. Kila mmoja anaogopa mwenzake ataona kwamba mambo hayaendi. Wewe mwenyewe ulikaa miaka miwili bila mtu wa kumuuliza hata barua ya ofisi ya kodi inataka nini. Ndiyo maana ukaweka sharti moja tu: anayeingia pale aeleze kwanza kilichomshinda mwezi huo, kisha ndiyo aseme anachojivunia. Niliwaona wanaume wazima wakikodoa macho, wakinung'unika, halafu wakisema. Mlianza watu saba, mkafika zaidi ya thelathini.

Moyo wako ulisimama asubuhi ya Jumatatu, ukiwa unavaa viatu uende kazini. Binti yako Ewa ndiye aliyekukuta. Nakuandikia hili kwa kifupi kwa sababu siwezi kuliandika kwa urefu.

Kwenye mazishi wenzako wa Jumamosi walijaa mpaka wengine wakasimama nje. Mimi nililiona kama heshima. Ewa aliliona tofauti. Tulipokuwa tunakunywa kahawa baada ya ibada alinivuta pembeni akaniambia kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba watu hawa wote walikuwa na mama yake Jumamosi zote alizokuwa anazihitaji yeye. Hakulia. Nikamshika mkono, akauondoa.

Mkutano wa kwanza bila wewe aliuongoza Tomasz. Unamjua, yule mwenye kampuni ya programu za maghala, ambaye kila mtu alimtazama kama aliyefanikiwa kuliko wote. Alisimama akasema umefika wakati wa kukua. Tutoke Rågsved, tukutane katikati ya jiji kwenye ofisi nzuri, wanachama wajaze maombi, tupokee wale ambao tayari wana wawekezaji. Kuhusu sharti lako alisema lilikuwa zuri enzi zile lakini wageni linawatisha. Watu wakapiga makofi, si kwa nguvu. Kisha alinijia nikikusanya vikombe. Alinishukuru kwa yote, akasema sasa wataendesha wenyewe, kwa Kipolandi, kwa hiyo nimpe orodha ya majina.

Nilimpa, Mama Ewa. Hilo ndilo lililonishinda. Nilijiambia, mimi si Mpolandi na sina kampuni, nabishana kwa haki gani? Nikarudisha ufunguo, nikashika treni nikarudi nyumbani. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimekasirika, nikajifanya nimechoka tu.

Habari za mikutano ya mjini nilizisikia kwa mbali. Mara ya kwanza walikuja wengi wakiwa na suti. Mara ya pili wakapungua. Kila mtu alieleza jinsi anavyofanya vizuri, wakala vitafunwa, wakaondoka.

Halafu mwezi wa tisa Agnieszka alinipigia. Yule mwenye programu ya kuwafundisha watoto viziwi kusoma, anayefanyia kazi jikoni kwake, kituo kimoja cha treni kutoka kwangu. Sauti yake haikuwa sawa. Alisema amepewa mkataba wa kuiuza programu yake, anatakiwa kusaini Jumatatu, ameusoma mara nne na haelewi kama anauza programu au anajiuza mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakumpigia Tomasz. Akasema, "Kule siwezi kusema kwamba nimeshindwa. Wewe ulikuwa unaniwekea kiti."

Nilikwenda kwake jioni ileile. Sikuuelewa mkataba wenyewe, lakini nilielewa uso wake. Orodha nilikuwa nimeitoa, ila namba nilikuwa nazo kichwani na kwenye simu. Nikapiga moja moja, kama zamani: Jumamosi saa nne, Rågsved, Agnieszka ana shida. Sikueleza zaidi. Nilimpigia Tomasz pia. Nilijua kwamba wewe ungempigia.

Wakaja kumi na mmoja. Tomasz alifika wa mwisho, akakaa karibu na mlango na koti lake mwilini. Agnieszka alisoma mkataba kwa sauti na wengine wakamkatisha wakimweleza kila kifungu. Mmoja wao, aliyewahi kusaini kitu kama hicho, alimwonyesha mahali ambapo asingeruhusiwa kutengeneza programu nyingine ya watoto kwa miaka mitano. Walibishana, wakachora ubaoni. Mimi nilielewa nusu, kwa sababu Kipolandi changu ni kile cha jikoni ulichonifundisha.

Walipotulia, Tomasz akasema jambo kwa Kiswidi, na nadhani alichagua Kiswidi ili na mimi nilielewe. Alisema, "Kampuni yangu imefungwa tangu mwezi wa sita. Hata mke wangu hajui. Kila asubuhi natoka na begi, naenda kukaa maktaba."

Halafu Agnieszka, ambaye ndiye aliyekuwa na shida siku hiyo, akainuka akamsogezea kiti karibu na meza. Tomasz akavua koti.

Nilimkasirikia mtu huyo miezi mitatu, kumbe alikuwa anatukimbia Rågsved kwa sababu pale angelazimika kusema ukweli. Aliniomba radhi tukiwa tunafunga mlango, kwa maneno machache. Nikamwambia yaishe.

Sitakudanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Agnieszka hakusaini, lakini kampuni yake haikupona, amepata kazi ya kuajiriwa na programu yake anaiendeleza siku za mapumziko pamoja na mwenzake wa pale pale Rågsved. Tomasz alimwambia mkewe. Walipita kipindi kigumu, sasa wanaelewana, na anatafuta kazi. Wale waliopenda ofisi ya mjini hawajarudi. Sisi tuliobaki tunakutana kila mwezi, na sharti lako limerudi mahali pake.

Kuna mwanamke wa Dublin na kijana mmoja wa Oslo, Wapolandi wote wawili, waliosikia habari hii wakaniandikia wakitaka kujua wataanzaje kwao. Niliwaandikia kurasa nne kwa Kiswidi, yote niliyokuona ukifanya, hata namna ulivyokuwa unapiga simu siku ya pili kumuuliza mtu kama amelala. Zilihitaji kutafsiriwa kwa Kipolandi. Nilifikiria sana, kisha nikampelekea Ewa.

Alikaa nazo wiki tatu. Nilidhani amezitupa. Alhamisi iliyopita alikuja ofisini na tafsiri mkononi, macho mekundu, akaniambia hakujua kwamba hicho ndicho ulichokuwa unafanya kule, alidhani mlikuwa mnazungumza biashara. Akasema anajivunia wewe. Kisha akasema bado ana hasira, na kwamba hayo mawili hayaondoani. Nikamwambia namwamini kwa yote mawili. Tulikula chakula cha mchana pamoja. Anacheka kama wewe, mabega yanatangulia kutikisika.

Jana wenzako waliniomba niongoze mwaka ujao. Nikawaambia mimi Mkongo. Tomasz akasema hilo walishaligundua zamani. Nimekubali.

Ila kuna kitu sitakuiga, na nataka nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine. Ulikuwa unabaki pale mpaka mtu wa mwisho atoe la moyoni, saa kumi na moja, saa kumi na mbili, na nyumbani kulikuwa na msichana anayekusubiri. Nilikuwepo, nikaona, sikusema. Mimi nina mtoto wangu, Furaha. Ana miaka tisa, nikimwongelesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini bado akisikia ufunguo wangu mlangoni anakuja mbio. Nakuahidi nitaulinda mtandao wako kadiri ya nguvu zangu, na kila Jumamosi ya mkutano, saa nane mchana, nitawaachia wengine ufunguo nirudi kwangu, hata kama kuna mtu hajamaliza kuongea.

Aksanti kwa yote, Mama Ewa. Neno hilo limebaki la Bukavu, usilisahihishe. Lala salama.

Neema wako