Mwongozo wa Kufuta Tanbihi

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Bosi wangu Boaz kanipandisha cheo. Juzi nilikuwa dada wa fotokopi, leo ni mwandishi wa maelekezo. Mshahara ule ule—kilichonenepa ni cheo. Ameunda programu ya kufuta tanbihi kwenye mafaili ya Word, yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa. Anaiita Fagio. Hapa Segese! Watu wanakuja dukani kupiga picha za pasipoti, yeye anawaza tanbihi. Nikamuuliza nani kakuomba. Eti Mwalimu Ngassa, yule mstaafu. Kaandika historia ya machimbo ya Nyarugusu, na mchapishaji wake wa Mwanza hataki tanbihi hata moja. Likifanya kazi kwa mwalimu, Boaz atawauzia wanachuo nchi nzima. Haya.
Sentensi ya kwanza ya mwongozo: "Fungua Fagio." Nimechoka tayari.

Jumanne, 16 Septemba
Nimelijaribu kwenye katiba ya kwaya yetu. Balaa! Maandishi ya chini yametoka, vinamba vimebaki juu ya maneno kama chunusi. Jaribio la pili likaondoka na tanbihi pamoja na kifungu kizima cha mweka hazina. Boaz anasema hilo si kosa, ni tabia ya programu. Nikaandika hivyo hivyo: "Fagio lina tabia." Kanifutisha.
Nikaandika tena: "Ukishafuta, huwezi kurudisha. Tunza nakala kwanza." Hapo tukagombana. Eti nitatisha wateja. Nikamwambia hata sumu ya panya ina onyo. Kanuna mpaka tunafunga duka. Onyo limebaki.

Alhamisi, 18 Septemba
Fagio limetulia, vinamba vinatoka. Boaz anatembea kama kaokota dhahabu.
Mwalimu Ngassa kaleta flashi. Shikamoo, marahaba, kakataa soda. Boaz akataka nitumie ukurasa mmoja wa kitabu chake kuwa mfano kwenye mwongozo—ulivyokuwa kabla, ulivyo baada. Mwalimu akakubali. Nikafungua katikati. Juu: duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia, wachimbaji watatu wakafukiwa. Chini, kwa herufi ndogo: majina yao, walikotoka, waliowaacha. Wa pili—Marwa, wa Tarime, mume wa Hosiana, baba wa Ghati.
Hosiana! Ndiye Mama Ghati, anayetuuzia wali hapo nje!
Nikashuka kurasa. Karibu tanbihi zote ziko hivyo. Mwalimu kazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza majina.
Nikamwambia, mwalimu, si ungeyaweka juu? Akasema aliyaweka. Mchapishaji akayatoa, eti yanakatisha hadithi. Ndipo akayashusha chini. Sasa wanataka na huko kusafishwe.
Boaz akadakia: kwani si wako chini tayari? Hakuna aliyecheka. Hata yeye.
Mfano nimetumia katiba ya kwaya.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimemwambia Boaz aongeze kitufe cha kuhamishia tanbihi mwisho wa kitabu. Kagoma, eti mteja kaomba kufuta, hakuomba kuhamisha. Baadaye namkuta anakitengeneza, kageuza kioo cha kompyuta nisione. Mwanaume huyu!
Nikampigia mwalimu nikiwa na furaha zangu. Kumbe ameshawauliza wachapishaji. Hata mwisho wa kitabu hawataki. "Violeth mwanangu," akasema, "mimi ni mzee. Nataka kukiona kitabu kabla sijaenda." Nikamwambia aje kesho, basi. Mimi, na mdomo wangu wote huu.

Jumamosi, 20 Septemba
Mwalimu kaja na koti la harusini. Akaomba nibofye mimi. Nikamsomea onyo kwa sauti, kama karani wa mahakama. Ukishafuta, huwezi kurudisha. Akasema nakala anayo nyumbani. Nikamuuliza, nani ataisoma huko? Akatazama viatu vyake.
Kidole kiko kwenye kipanya—Mama Ghati huyo kaingia na sahani zetu za wali! Akamwamkia mwalimu kwa furaha zote. Kumbe siku nyingi mwalimu alimwahidi kwamba jina la mumewe limo kitabuni. Ghati anakuja kesho kutoka Isaka, amewaambia wenzake kazini kwamba baba yake yuko kwenye kitabu. "Kimeshatoka, mwalimu?" Boaz akajifanya anatengeneza printa—nzima kabisa ile! Mama Ghati akaweka sahani, akafuta mikono kwenye kanga. "Kama bado, Violeth, nionyeshe tu hapo kwenye kompyuta. Nimwone."
Nikasema nafuata wino. Niko stoo, naandika juu ya boksi la karatasi. Mwoga mkubwa mimi! Huko dukani mwalimu anakohoa. Anamwambia Mama Ghati asogee, jina liko chini kabisa. Boaz anamvutia kiti.
Kiti kinakwaruza sakafu.
Sasa Mama Ghati anauliza mbona wamemwandika kwa herufi ndogo hivyo—